Matanga ya Kichochoroni

Nilimfahamu kwa uanikaji wake kabla sijalijua jina lake. Alikuwa akizibana kanzu za wanaume mabegani, kwa vibanio viwili, na kuziacha zining'inie mpaka mabega yakatoka nundu. Mimi nilifundishwa na Bibi, mwenye nyumba wangu, kwamba kanzu huanikwa kichwa chini, ikabanwa kwenye pindo, na asiyejua hivyo basi hajui kitu. Nilivumilia siku chache, kisha nikamwambia kutoka paa letu, "Dada, hizo kanzu unazinyonga." Akageuka, akanitazama kutoka paa lao, akasema, "Kwani wewe ni mama mkwe wangu?"

Urafiki wetu ulianza hivyo, kwa kusutana. Ilikuwa Hail, mtaa wa Maskati, upande wa baharini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mahali ambapo nyumba zilikuwa zimekaribiana na kutenganishwa na kichochoro cha kupita gari moja. Kila nyumba ilikuwa na paa la kutembelea, tangi la maji, dishi la televisheni na kamba za nguo. Wafanyakazi wa ndani tulionana huko juu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mlangoni tulitoka kwa ruhusa, lakini paani tulipelekwa na kazi.

Mimi ni Mpare wa Same. Yeye alikuwa mtu wa Taveta, ng'ambo ya mpaka, Kenya. Mtu akisimama milimani kwetu siku isiyo na ukungu anaiona nchi yao chini, kwa hiyo tungeweza kukutana gulioni siku yoyote ya maisha yetu. Badala yake tukaja kukutana Maskati, tukiwa na nguo za watu mikononi. Hatukuitana dada kwa muda mrefu. Tuliitana jirani.

Kwamba alikuwa Mkristo nilijua kwa wimbo. Asubuhi moja alikuwa anavumisha kwa pua wimbo wa kanisani, ule unaoimbwa kwetu wakati wa sadaka, na alipofika mwisho wa ubeti wa kwanza mimi nikaanza wa pili. Akaangusha kibanio. Tulimaliza beti zote, na nguo nyingine nililazimika kuzilowesha tena kwa sababu zilikauka kwenye beseni zikiwa zimejikunja.

Toka hapo tukawa na ibada ya kambani. Ilikuwa baada ya wanaume kwenda kazini na watoto shule, kabla jua halijawa la kuunguza nyayo. Yeye aliimba kwa sauti ya chini, mimi niliomba macho yakiwa wazi na mikono inakamua taulo. Yeye alikuwa na sauti, mimi nilikuwa na maneno. Mungu hakuwa ametupa vyote. Mtu aliyetutazama kutoka chini angedhani tunagombea upepo. Siku niliyokuwa nimetukanwa, au siku simu ya nyumbani ilipoleta habari mbaya, alinijua kwa ninavyopiga shuka kabla ya kulitandaza kambani, akaniambia, "Leo usiombe. Leo naomba mimi." Basi akaomba vibaya, akirudia maneno yale yale, na nikashuka nikiwa mtu tena.

Nyumbani nilikuwa nimelisikia neno hili la kutiana moyo tangu utoto. Lilikuwa kwenye matangazo ya kanisa, pamoja na zamu za usafi. Sikuwahi kulifikiria. Maskati ndiko nilikoona kwamba mtu anaweza kuacha kuamini bila kugombana na Mungu hata kidogo, kwa kukosa tu mtu wa kulitaja jina Lake naye kwa lugha ya mama yake. Nimewaona. Hawakubadili dini, hawakufanya dhambi ya kusimuliwa. Walinyamaza tu, mwaka wa kwanza, wa pili, na baadaye ukimwambia mmoja wao "tuombe" anakutazama kama mtu uliyemwomba akukumbushe jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza.

Ushirika wetu wenyewe ulikuwa Ruwi, katikati ya jiji, ndani ya uwanja wa makanisa, ambako Wahindi na Wafilipino walikuwa na saa zao na sisi wasema Kiswahili tukaazimwa chumba. Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu, maana ndiyo siku ya mapumziko. Mapumziko ya wengine, nasema. Kwa mtumishi wa ndani Ijumaa ni siku ya kazi kuliko zote: baada ya swala watoto wote wa Bibi walikuja na wake zao na wajukuu, na sufuria la wali lililopikwa siku hiyo ungeweza kumwogeshea mtoto. Mimi nilipata Ijumaa moja moja kwa sababu Bibi alikuwa mkali wa mdomo na mwepesi wa moyo. Alizaliwa Unguja, akaja Oman mtu mzima, na alikuwa ananiambia, "Nenda kasali kanisani kwenu, usije ukanambia miye ndo nlokuzuwia." Jirani yangu hakuwahi kuachiwa. Mwenye nyumba wake alikuwa mwalimu wa shule, mtu ambaye wazazi wake walirudi Oman kutoka Tabora, ana watoto watano na mume wa safari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka akipata wa kumshikia kazi hamwachii.

Chumba cha Ruwi kilikuwa na desturi yake, na sharti niieleze, kwa sababu yote yaliyofuata yametokana nayo. Baada ya nyimbo, kabla ya Neno, kulikuwa na shuhuda. Mtu anasimama, anasema "Bwana asifiwe," sote tunaitikia "Amina," kisha anaeleza Mungu alivyomtendea, na kila anapotua tunaitikia tena "Amina." Shuhuda zilikuwa za ushindi. Bosi aliyekataa amekubali. Mgonjwa amepona. Pasipoti iliyofichwa imetolewa. Ushuhuda wa kushindwa haukuwepo. Hakuna aliyeukataza, ila haukuwepo. Kiongozi wetu, baba mmoja mtunza stoo, mwenye sauti nene na roho safi, alikuwa anasema sote tumekuja tumechoka, tukianza kulia hapa nani atatuinua? Nami nilikubaliana naye. Tulihitaji kutoka pale tukiwa na kitu cha kula wiki nzima.

Basi. Binti yake jirani yangu alikuwa na miaka sita, analelewa na bibi yake Taveta. Alipata homa, ikapanda kichwani, na kabla hawajafika hospitali ya maana akafa. Simu ilipigwa kwenye nyumba ya mwalimu, akapokea mwalimu mwenyewe. Alimwita jikoni akamwambia, na nasikia walilia wote wawili wakiwa wameshikana. Hayo nayasema ili haki itendeke. Lakini walipomaliza kulia, jirani yangu aliomba aende nyumbani, na mwalimu akasema mkataba bado, msichana wa kumpokea hajapatikana, mitihani ya shule hii hapa, na vyovyote mtoto ameshazikwa. "Ukienda utakuta kaburi tu," alimwambia. "Vuta subira."

Siku iliyofuata alipanda paani na beseni lake kama kawaida. Nilimwona anaanika nguo za shule za watoto wa mwalimu, sketi ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, anazinyoosha kwa kiganja. Nilimsalimu. Akasema, "Jirani, mtoto wangu amekufa," kwa sauti ile ile ambayo angeniambia vibanio vimekwisha. Nikafungua kinywa. Mimi, mwenye maneno, nikasema Mungu ametoa na nini na nini, yale yote yanayosemwa. Akaendelea kuanika mpaka nikanyamaza mwenyewe.

Nilishuka nikamwambia Bibi. Alikuwa anachambua mchele huku akilalamika magoti. Akaacha. "Mtoto kafa, na mamake yuko jikoni anakata vitunguu? Watu gani hawa?" Akaniambia nimletee buibui lake. Nikamwuliza anakwenda wapi na jua lile. "Nnakwenda kutoa mkono wa pole. Wewe kwenu hamwendi matangani?" Akavuka kichochoro kwa fimbo, akagonga kwa mwalimu, akapita sebuleni alikokaribishwa, akaenda kukaa jikoni kwenye kiti cha plastiki. Nilimfuata kwa sababu ya magoti yake. Hakusema lolote la maana. Alisema pole, mwanangu, akamshika mkono wenye harufu ya vitunguu, kisha akakaa tu, akipumua kwa shida, mpaka mwalimu akaanza kuona aibu jikoni kwake mwenyewe. Wakati wa kuondoka Bibi akasema, "Ijumaa hii huyu anakwenda kanisani kwao na huyu wangu. Wali wenu mtapika wenyewe." Hakungoja jibu.

Ndivyo alivyopata Ijumaa yake.

Nilifurahi, sitaficha. Nilidhani sasa atapata dawa. Kumbuka alikuwa hajawahi kukaa katikati ya watu wa kwao waaminio tangu aingie nchi ile, na mimi nilikuwa nimemsimulia chumba kile mara nyingi mno, nikakipaka na rangi. Alivaa gauni lake la kusafiria. Basi dogo la kwenda Ruwi lilipokaribia kufika, aliniuliza, "Wanajua?" Nikamwambia nimemjulisha kiongozi kwa simu. "Vizuri," akasema, "basi sitahitaji kueleza."

Walimpokea vizuri. Akina mama walimkumbatia, muuguzi mmoja wa Kisumu alimfuta uso kwa leso yake. Tuliimba. Nilimwona anafungua mdomo katika wimbo wa pili na ile sauti ikatoka kidogo, nikasema moyoni, ahsante. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na chupa za chai, maana nilikuwa nimeamka kupika tangu alfajiri bila kutia kitu tumboni, na mama wa chai alikuwa amenihurumia.

Zikaja shuhuda. Kiongozi akasimama, uso umejaa huruma ya kweli, akasema, "Dada yetu amepita kwenye moto. Lakini leo yuko hapa. Tunamkaribisha atushuhudie jinsi Bwana alivyomtia nguvu." Watu wakapiga makofi ya kumtia moyo. Nilitaka kuinuka. Yeye alishainuka. Nadhani alikuwa amezoea mno kufanya anachoambiwa.

Akasimama mbele, mikono imeshika mkoba. "Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mwanangu amekufa."

"Amina!"

Chumba kizima. Kwa furaha, kwa sauti ile ile ya pasipoti iliyotolewa. Mtu mmoja upande wa madirisha alipiga hata kofi moja kabla hajashtuka. Mimi sikuitikia, na si kwa utakatifu: mdomo wangu ulikuwa umejaa andazi. Kisha yeye akatutazama mmoja mmoja, taratibu, kama anayetafuta mtu aliyemjua. Akasema, "Haya." Akatoka nje.

Nilimkuta kwenye ngazi anavaa viatu. Nikamwambia ni mazoea tu, jirani, hawakusikia. Akasema, "Ndiyo. Hawakusikia." Alikaa pale juani kungoja basi lirudi, na mimi nikarudi ndani, kwa sababu nina hasira, na hasira yangu haiwezi kukaa kwenye ngazi. Ibada ilikuwa imesimama. Kiongozi alikuwa amekaa, ameshika kichwa. Nikawauliza hivi mlikuwa mnaitikia nini? Mnajua mnachoitikia? Mtu akija hapa amebeba maiti mtamwambia amina pia, ilimradi ametua? Muuguzi wa Kisumu alikuwa analia. Kiongozi akasema, "Dada, tusamehe, ulimi ulitutangulia." Nikamwambia si mimi wa kuombwa msamaha, nikaondoka. Nilisema na mengine ambayo hayafai kuandikwa na mtu anayesema ameokoka.

Baada ya siku hiyo alihamisha saa yake. Asubuhi paa la mwalimu lilikuwa tupu. Alianza kuanika mchana, wakati zege linapounguza mpaka kwenye soli za ndara na hakuna kiumbe anayepanda juu ila kwa ujinga au kwa kukimbia watu. Nikajua ananikimbia mimi. Nikahamisha saa yangu pia. Bibi alipiga kelele: "Utakufa na jua hilo! Nnakwambia, ukifa siwezi kukupeleka Upareni!" Lakini hakunizuia.

Siku ya kwanza aliponiona akasema, "Usiniombee." Nikasema sawa. "Na usiimbe." Nikasema mimi sina sauti, unajua. Hakucheka. Alianika kanzu za mume wa mwalimu kichwa chini, kama nilivyomfundisha, na hilo liliniuma kuliko kama angezinyonga.

Nitasema wazi nilichokuwa nakiogopa. Kuta za mapaa yale hazikupita kiuno. Alikuwa anamaliza kazi, kisha anasimama ukutani na kutazama chini, kwenye kichochoro, kwa muda mrefu. Nimesikia ya wasichana wa kazi na mapaa. Kila mtu aliyefanya kazi Maskati amesikia. Siku moja alinikamata nikimkodolea macho. Akasema, "Usiogope. Nani ataanua hizi nguo?" Tangu hapo, nguo zikiisha nilibuni nguo. Nilifua mapazia. Nilifua vifuniko vya makochi. Bibi alisema nyumba yake haijawahi kuwa safi hivi tangu aimiliki.

Sikuomba kwa sauti, nilikuwa nimeahidi. Nilikaa naye tu, ng'ambo, huku napikika. Lakini mtu mmoja hatoshi. Hili ndilo jambo ninalotaka kulisema kwa wanaodhani imani ni ya mtu na Mungu wake chumbani. Nilikuwa nachakaa. Nilikuwa napanda kila mchana kwa mtu asiyetaka nilicho nacho, na nilicho nacho kikaanza kupungua. Nikampigia simu muuguzi wa Kisumu, nikamwambia siwezi tena peke yangu.

Ijumaa iliyofuata, alasiri, nilikuwa nasafisha masinia baada ya wajukuu kuondoka, nikasikia Bibi ananiita mlangoni. "Njoo uwaone watu wenu." Kichochoroni walikuwa wamekaa chini. Wanawake kumi au zaidi, na gauni zao za kanisani, kwenye kivuli cha ukuta wetu, chini kabisa ya paa la mwalimu. Walikuwa wamekuja moja kwa moja kutoka Ruwi. Hawakugonga kwa mtu. Hawakuimba. Muuguzi akaniambia kwa sauti ndogo, "Kwetu mtu akifiwa, watu wanaenda kukaa. Sisi hatukukaa." Mbali kidogo, peke yake juu ya tofali, alikuwa kiongozi wetu, mikono magotini. Yule baba hakuwahi kukosa neno tangu nimjue. Siku hiyo hakulitafuta.

Bibi aliwatazama, akasema, "Sasa mtakaa mchangani kama mbuzi?" Nikatumwa mkeka, kahawa na tende. Watoto wa mtaa waliacha mpira wakaja kushangaa. Mzee mmoja aliyekuwa anakwenda msikitini akauliza kwa Kiarabu kuna nini, na Bibi akamjibu kwamba kuna msiba, mzee akamwombea rehema marehemu, akapita zake.

Kule juu alionekana kichwa, kikatutazama, kikaondoka. Hakushuka. Wakakaa mpaka magharibi wakaenda. Ijumaa iliyofuata wachache walikuja tena, wale walioweza, na alionekana kwa muda mrefu zaidi. Ijumaa ya tatu mwalimu mwenyewe alifungua mlango. Sijui kama ni huruma au macho ya majirani, na siku hizi sijali. Alimtoa jirani yangu mpaka nje kwa kumshika kiwiko, akasema kwa Kiswahili cha Tabora, "Kaeni naye."

Alikaa kwenye ncha ya mkeka. Hakuna aliyemkumbatia, maana tulikuwa tumejifunza kuogopa. Tulikaa. Kahawa ilipita. Halafu akauliza, hakumwuliza mtu yeyote, "Walimvisha nini?" Hakuna aliyejua, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa ukelele, ule wa kwetu, ambao Hail hawajauzoea, madirisha yalifunguliwa. Bibi alikaa mlangoni kwetu akitikisa kichwa. "Mwacheni," alisema kwa kila aliyechungulia. "Mwacheni alie."

Ningependa kusema alipona. Yule kiongozi wetu wa zamani angenitaka niseme hivyo, nami ningeitikia. Hakurudi Ruwi hata mara moja. Alirudi paani asubuhi, hilo ni kweli, na alikubali niombe, mradi nisimtaje yeye. Yeye hakuomba. Mkataba ulipokwisha, asubuhi ya safari, alivuka kuja kumuaga Bibi, kisha tukasimama mimi na yeye jikoni. Nilimwuliza nilichokuwa nakiogopa kukiuliza miezi yote: kama bado anaamini. Alifikiri kwa uaminifu. Akasema, "Sijui, jirani. Kuna siku naamini kwa sababu wewe unaamini. Siku nyingine hata hiyo haitoshi." Nikamwambia basi mimi nitashika upande wako mpaka uweze. Yalikuwa maneno mazuri. Mwalimu alipiga honi.

Kile ambacho sikukijua ni kwamba mimi pia nilikuwa nimemwegemea. Nilipanda siku iliyofuata na beseni. Paa la ng'ambo lilikuwa na kamba tupu. Nikafungua kinywa kuomba, na hakukuwa na kitu ndani. Nilidhani ni uchovu. Ikawa hivyo kesho yake, na wiki ile, na nyingine. Nilikuwa nimemwamini Mungu mbele ya mtu kwa muda mrefu kiasi kwamba sikujua tena kumwamini bila mtu. Ruwi nilikwenda, wakaniomba niwatie moyo akina dada wageni, kwa kuwa nilijulikana kwa kazi hiyo, nami niliwatia. Walishukuru. Nilirudi Hail nikiwa mkavu. Sikumwambia mtu. Nani wa kumwambia? Mimi ndiye niliyekuwa naambiwa.

Simu iliita siku moja mchana, Bibi amelala. Alikuwa yeye, kutoka Taveta, kwenye kibanda cha simu, anazungumza haraka kwa sababu ya kadi. Amefika. Amekwenda kaburini. Walimvisha gauni la njano, la Krismasi. Watu walikuja, wakakaa naye upya, kama vile ndiyo kwanza amefiwa, wakaomba, na yeye akalala usingizi katikati ya maombi yao, usingizi wa kweli, hata wakamfunika kanga. Nilimwambia vizuri, jirani, nimefurahi. Sauti yangu ilikuwa ile ninayoitumia kwa akina dada wageni.

Kisha akauliza, "Na wewe nani anakaa na wewe?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo Maskati. Nilishika mkonga wa simu kwa mikono miwili, nikitafuta jibu la kushuhudia, na lisipatikane. Alinisikia nisivyosema. Akaniambia, "Basi usiseme kitu. Mimi niko hapa." Nikakaa chini kwenye sakafu ya ukumbi wa Bibi nikalia, na kule Taveta, kadi yake ikiliwa, hakusema neno wala hakukata, mpaka kadi ikaisha.